Kuchagua Afisi: Rai kwa Msomi wa Kasese

Katika fomu za maombi za kampuni kubwa za ushauri elekezi kuna swali moja ambalo vijana wengi hulijibu kwa haraka kuliko yote, nalo ni lile la kupanga afisi kwa daraja: ya kwanza ipi, ya pili ipi, ya tatu ipi. Msomi wa Kasese, aliyehitimu chuo kikuu na kurejea kwao magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, kungoja majibu, aghalabu huandika Nairobi kwanza, kwa kuwa huko ndiko yaliko majina yavumayo ulimwenguni kama McKinsey na Dalberg, kisha Kampala, kana kwamba Kampala ni mahali pa kujisitiri mtu akikosa alichokitamani. Rai yangu ni kuwa mpango huo, kwa wengi wao, umepinduka.

Afisi hazifuati kazi ilipo. Humfuata mwenye kuilipia. Hali hii si ngeni kwetu: reli ilipofika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, madini yalichimbwa hapa, yakayeyushwa Jinja, na mashauri makuu yakakatwa mbali zaidi, mgodi ukiwa mikononi mwa Falconbridge ya Kanada. Leo wizara, mabenki na wafadhili wako Kampala, na PwC, Deloitte, KPMG na EY wako papo hapo. Lakini mengi wanayopaswa kuyajua, ushuru wa mpakani, kahawa ya milimani, mto Nyamwamba uliofurika mwaka 2013 na tena 2020, yako huku.

Bwera, mji wa Kasese ulio karibu na kivuko cha mpakani cha Mpondwe, ndipo hoja hii inapodhihirika. Mpondwe na Kasindi ya Kongo zimetengwa na mto Lhubiriha tu, na siku za soko watu huvuka wakisemezana kwa Lhukonzo, Kinande na Kiswahili, kwani Wakonzo na Wanande ni ndugu waliogawanywa na mpaka wa wakoloni. Ebola ilipovuka hapo Juni 2019 na wagonjwa wakalazwa katika hospitali ya Bwera, haikutosha mgeni aliyekuja kusaidia kufasiriwa maneno. Alihitaji kujua pia nani ni shemeji wa nani, na vichochoro vipi havipiti kwa afisa wa uhamiaji. Mwenye ilimu hiyo akiandika Nairobi kwanza, husomwa katikati ya umati ambao haumpimi kwa mizani hiyo. Akiandika Kampala, yuko karibu na wanaoihitaji.

Simkatazi Nairobi aliye na hoja yake, mathalani aliyebobea katika fedha za simu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2010 imemrahisishia njia, ijapokuwa kibali cha kazi bado huombwa.

Fauka ya hayo, aliyejifunza Kifaransa asikifiche. Uganda ilianza mwaka 2021 kujenga barabara ya Kasindi hadi Beni, na Kongo ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022; basi mwombaji awezaye kusoma waraka wa Kinshasa asubuhi na kupatana bei Kasindi alasiri, na aliseme hilo katika mistari ya mwanzo ya barua yake, kabla ya alama za chuo.