Fundi, ijue chipu unayohitaji kabla ya kwenda Mbarara

Mita humwonyesha fundi volti zilizopo. Haiwezi kumwonyesha chipu mbili zinavyowasiliana, kwa sababu ishara zao hubadilika maelfu ya mara kwa sekunde. Kifaa kinachosoma ishara hizo huitwa analaiza ya lojiki. Unaweza kujitengenezea hapa Nakivale kwa chipu inayopangiwa kazi kwa kompyuta. Lakini ukinunua isiyofaa, umepoteza nauli na akiba.

Je, ninahitaji kasi kubwa?

Kwa kazi nyingi, hapana. Soma ishara angalau mara 4 kwa kila biti. Mawasiliano ya biti 115,200 kwa sekunde yanahitaji kusomwa mara 460,800 tu kwa sekunde. Angalia zaidi kumbukumbu na volti.

Nichague ipi?

• XC9572XL: Hutunza mpango wake umeme ukikatika, na miguu yake inavumilia volti 5. Ina seli 72 tu na haina kumbukumbu ya kuwekea vipimo.

• iCE40 HX1K: Ina seli 1,280 na programu za bure za kuipangia kazi. Kumbukumbu yake ni kilobaiti 8: ukisoma waya 8 mara milioni 1 kwa sekunde, inajaa kwa milisekunde 8. Haivumilii volti 5.

• Raspberry Pi Pico: Hii ni bodi ndogo yenye mikrokontrola. Ina kumbukumbu ya kilobaiti 264 na hupangiwa kazi kwa waya wa USB tu. Hutumia volti 3.3.

Kwa anayeanza, Pico inatosha. Anayetaka kujifunza kubuni saketi za lojiki achague iCE40.

Kabla ya kulipa

• Soma jina lote juu ya chipu. XC9572 isiyo na herufi XL ni chipu nyingine, ya volti 5.
• Uliza bei ya kifaa cha kuipangia kazi. Kinaweza kuzidi bei ya chipu.
• Pakua programu ya bure ya PulseView ukiwa na intaneti nzuri. Baadaye itafanya kazi bila mtandao.

Usalama

Unganisha kwanza waya wa hasi wa kifaa chako na wa kile unachopima. Usiunganishe kamwe na umeme wa nyumbani, wala moja kwa moja na betri ya sola ya volti 12: chipu itaungua, na kompyuta inaweza kuharibika.

Kama gharama ni kubwa kwa mtu mmoja, mafundi 4 au 5 mnaweza kuchangia kifaa kimoja na kukitumia kwa zamu.