Roshani ya Lumakanda

Aliyelelewa katika nyumba za mawe na chokaa, kama mimi, haachi kutazama dari aingiapo nyumba ya watu. Basi nilipokwenda Lumakanda, huko Lugari katika Kakamega, nchi ya mahindi, kumzuru rafiki yangu wa zamani, nilimkuta ajenga nyumba ya ghorofa, na mbele yake roshani ya kutokeza hatua mbili nje ya ukuta, bila ya nguzo.

Fundi alikuwa amekwisha kupanga nondo, zote chini, karibu na mbao. Zege lilikuwa la kumwagwa kesho yake. Nikamwuliza, "Mwanangu, mbona juu hakuna chuma?" Akacheka. "Mzee, ndivyo nilivyofanya vyumbani, na sakafu imesimama."

Kweli imesimama, na hapo ndipo penye mtego. Nikaomba ndizi mbili. Ya kwanza nikaiegemeza ncha zake juu ya matofali mawili, nikaikandamiza katikati: ikapasuka upande wa chini. Ndivyo ilivyo sakafu iliyolala juu ya kuta mbili: juu yabanwa, chini yavutwa. Na zege ni kama jiwe. Likibanwa hustahimili sana, likivutwa nguvu yake ni kama sehemu moja tu katika kumi. Kwa hiyo chuma huwekwa chini, penye kuvutwa.

Ndizi ya pili nikaishika ncha moja, ile nyingine nikaielemea. Hii ikapasuka juu. Roshani isiyo nguzo ndiyo ndizi hii. Ufa wake huanzia juu, pale inapoungana na nyumba. Basi chuma chake lazima kiwe juu, kiingie ndani sana ya sakafu, na wamwagaji wasikikanyage kikashuka.

Urefu nao una hesabu yake. Wazee wetu wa Lamu na Unguja walijenga vyumba vyembamba, upana wa kama mita 3, kwa kuwa ndipo boriti ya mkoko ilipofika. Ukizidisha upana maradufu, na mzigo wa kila hatua ukabaki ule ule, nguvu ya kuipinda boriti huwa mara nne. Beit al-Ajaib ya Sayyid Barghash, ya mwaka 1883, ilipotaka kumbi pana ilitiwa chuma, na roshani zake zikabebwa na nguzo. Walakin chuma nacho huzeeka: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka, watu wawili wakafariki.

Fundi hakucheka tena. Rafiki yangu akaniuliza kiasi cha nondo za kutia. Nikamwambia, "Ndugu yangu, mimi ni mtunga mashairi. Ndizi yanitosha kuuliza swali, hainitoshi kutoa vipimo." Zege likangoja. Akaitwa mhandisi kutoka Eldoret, naye akaamuru nondo ziinuliwe na roshani ipunguzwe hatua moja.

Sisi washairi tukikosa mizani, shairi huchechemea, watu wakatucheka. Fundi akikosa mizani hakuna wa kucheka. Wajukuu wa rafiki yangu ndio watakaocheza chini ya roshani ile kila jioni.