Mkono Uoshwe, Usikatwe

Wahenga walinena kwamba mtoto akinyea kiganja, hakikatwi. Kiganja huoshwa. Ajabu ni kwamba katika shule zetu nyingi za Kwale, kutoka Matuga hadi Lungalunga, kiganja hicho bado tunakikata.

Mwanafunzi akipatikana na kosa la wizi au la kupigana, huamriwa aende nyumbani akamlete mzazi. Mzazi mwenyewe huenda yuko baharini Gazi akitafuta riziki, au yuko zamu katika hoteli ya Diani asikoweza kutoka ila kwa ruhusa. Siku hupita, wiki hukatika, na kijana hujikuta ufuoni akiwachuuzia watalii, ama barabarani Ukunda akijifunza mambo ambayo hakuna mzazi ayatakaye. Na yule mwenziwe aliyeibiwa? Hakurudishiwa chake, wala hakuombwa radhi. Je, ndugu msomaji, hapo haki imetendeka?

Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza adhabu ya mwili pamoja na mateso ya akili. Hilo lilikuwa jambo jema. Hata hivyo, walimu wengi hulalamika kwamba walinyang'anywa kiboko bila ya kupewa kitu cha kushika badala yake. Malalamiko hayo yana uzito, na jawabu lake ndilo ninalolileta hapa: haki ya kurejesha.

Haki ya namna hii huuliza maswali matatu. Ni nani aliyeumizwa? Ameumia vipi? Ni nani apaswaye kuliponya jeraha hilo, na kwa njia gani? Mathalani, mwanafunzi aliyeiba pesa za nauli za mwenziwe huketishwa mbele yake, pamoja na mwalimu na mzazi wa kila upande. Aliyekosewa husema kwanza: jinsi alivyotembea kwa miguu, jinsi alivyoogopa kumwambia mamaye. Mkosaji hukiri, kisha wote hukubaliana jinsi pesa zitakavyolipwa na lini. Mwalimu huyaandika mapatano hayo na kuyafuatilia. Asiyejua shughuli hii hudhani ni adhabu nyepesi. Ukweli ni kwamba kuchapwa fimbo tatu ni rahisi kuliko kumtazama machoni uliyemliza.

New Zealand iliiweka njia hii katika sheria yake ya watoto ya mwaka 1989, kwa kuzingatia pia mila za Wamaori. Kwetu sisi si jambo geni. Wadigo wana ngambi, baraza la wazee ambalo tangu zama za kaya liliamua ugomvi kwa kusikiliza pande zote, kutoza fidia na kupatanisha. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 159, inaagiza upatanisho na njia za jadi za kutatua migogoro zikuzwe, mradi zisivunje haki za binadamu.

Hapo kwenye "mradi" ndipo penye kiini cha mambo. Mabaraza ya wazee kwa kawaida yametawaliwa na wanaume, na sote twajua visa ambavyo msichana wa shule hutiwa mimba, kisha wakubwa hukutana usiku, mbuzi na pesa zikapokewa, na kesi ikafia hapo. Huko wamekwenda kuita sulhu! Hiyo ni biashara ya kumuuza mtoto mara ya pili. Unajisi ni jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na mahali pake ni polisi na mahakama. Sulhu ambayo aliyeumizwa hakuulizwa neno haistahili jina hilo. Vivyo hivyo shuleni: anayekataa kuketi na mkosaji wake asilazimishwe, wala asamehe kwa kuogopa macho ya mwalimu mkuu.

Tusidhani haya ni mambo madogo ya darasani. Mnamo Agosti 13, 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na ghasia zikaenea hadi Kwale. Watu zaidi ya 100 waliuawa, na wapatao 100,000 wakayahama makazi yao. Miongoni mwa wavamizi walikuwamo vijana wa pwani hii, waliokuwa na manung'uniko ya miaka mingi juu ya ardhi na kazi, na wanasiasa wakayatumia. Leo watoto wa waliofukuzwa na watoto wa waliofukuza huenda wanaketi dawati moja. Wasipojifunza hapo namna ya kusema "umeniumiza" na namna ya kujibu "nitalipa", watajifunzia wapi?

Walimu, anzeni na kosa moja tu muhula huu. Kabla ya kuiandika barua ya kumfukuza mwanafunzi, mwiteni kwanza yule aliyekosewa, mumwulize anataka nini. Nanyi wanafunzi, aliyekosa na aungame mapema. Mficha maradhi, kifo humuumbua.