Sura ya Saba: Mahali pa Kukaa Bila Kununua Soda

Tarehe 1 Julai 2020 Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ilipandishwa cheo kuwa jiji, siku moja na Gulu, Jinja, Mbarara, Mbale, Masaka na Fort Portal. Manispaa ya zamani ilikuwa na divisheni mbili tu, Arua Hill na River Oli. Jiji jipya likameza vijiji vya Ayivu pamoja na mashamba yake ya mihogo. Mkulima wa Ayivu alilala kijijini akaamka mjini, naye hakuhama.

Alichopoteza mkulima huyo hakionyeshwi na ramani. Kijijini hakuna anayeuliza watoto wachezee wapi au wazee wabarizi wapi. Pori lipo, uwanja wa ukoo upo, mwembe upo. Mji ukifika, kila kipande hupimwa, huuzwa na kujengwa, na baada ya miaka michache mtoto anakimbiza mpira wake katikati ya boda boda. Sura hii inahusu watu wanaoajiriwa kuzuia hilo lisitokee: wanaotunza bustani, viwanja, kingo za mito na michezo ya mji. Inahusu pia sababu ya kazi yao kushindikana mara nyingi hata pale fedha zinapopatikana.

Kisheria kazi hii ina mwenyewe. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 inaliweka suala la bustani na viwanja vya burudani mikononi mwa mabaraza ya miji. Katiba ya 1995, ibara ya 237, inakwenda mbali zaidi: mito, ardhi oevu na hifadhi za misitu hushikwa na serikali kuu au ya mitaa kwa dhamana, kwa faida ya wananchi wote. Mdhamini hauzi. Diwani anayepiga kura ili ukingo wa mto ukatwe viwanja anagawa kisicho chake, na hata Waziri hana nguvu ya kumhalalishia.

Tatizo ni ardhi iliyobaki, yaani karibu yote. Katiba hiyohiyo inatambua umiliki wa kimila, na katika mkoa wa West Nile, Arua ilipo, ndio uliozoeleka. Ardhi ni ya ukoo, haina hati, mipaka yake inajulikana na wazee na miti. Manispaa kama Koboko ikitaka bustani haiwezi kuchora mstari kwenye karatasi na kusema hapa patapandwa maua, kwani ibara ya 26 inadai fidia ya haki ilipwe kabla ya ardhi kuchukuliwa. Fidia ya ekari mbili karibu na barabara kuu, katika mji wa mpakani ambako kila mfanyabiashara anatafuta mahali pa kujenga ghala, ni fedha ambazo diwani yeyote angeona afadhali azipeleke kwenye mitaro. Na ukimuuliza mpiga kura, huenda akamuunga mkono.

Kuna njia nyingine ambayo haitumiwi vya kutosha. Sheria ya Ardhi ya 1998 inawaruhusu wenye ardhi ya kimila kuunda jumuiya ya ardhi na kutenga sehemu ya matumizi ya pamoja. Ukoo unabaki na mali yake. Baraza la mji linaingia mkataba wa kuitunza, linaleta maji, choo na mlinzi, na watu wote wanaruhusiwa kuingia. Mtaalamu wa bustani wa Koboko, basi, anahitaji kwanza kujua kukaa barazani na wazee wa Kikakwa kabla ya kujua kupogoa ua. Mazungumzo hayo huchukua miezi. Mzabuni anayetaka kumaliza kazi ndani ya mwaka wa fedha hayapendi, na ndiyo maana miradi mingi huishia kwenye kipande kibaya ambacho hakuna aliyekitaka.

Kabla ya kutafuta ardhi mpya, hata hivyo, afisa mwenye busara huhesabu kilichopo. Arua ina uwanja wa gofu ndani ya mji, urithi wa nyakati ambazo wachezaji wake walikuwa maofisa wa kikoloni. Ina viwanja vya shule na vya makanisa, ina miembe ambayo chini yake vikao vya mabaraza ya mitaa (LC), vikundi vya akiba na michezo ya ludo hufanyika kila siku bila bajeti yoyote. Ina Barifa, jina ambalo wengine wanalijua kwa msitu na wengine kwa kiwanja cha mpira cha Arua Hill. Kwa mtunza bustani, kupoteza mwembe wa miaka sitini ili kupanua kituo cha mafuta ni hasara kubwa kuliko kukosa bustani mpya. Miche inayopandwa mahali pake itatoa kivuli kama kile wakati wajukuu wa wapandaji wameshaoa. Baraza linaloweza kuandika orodha ya miti mikubwa ya umma, kuipa namba na kukataza isikatwe bila kibali, limefanya nusu ya kazi kwa gharama ya rangi na daftari.

Nusu nyingine ni mpaka. Eneo lisilo na nguzo za mpaka huliwa pembeni kidogo kidogo: kibanda leo, ukuta kesho, kesho kutwa kanisa lenye waumini mia tatu ambao hakuna mwanasiasa atakayethubutu kuwahamisha. Nairobi ilijifunza kwa uchungu. Mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama karibu peke yake kupinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, akatukanwa hadi bungeni, na jengo halikujengwa. Miaka kumi baadaye alipigwa na wahuni alipokwenda kupanda miti Karura, msitu uliokuwa umegawiwa watu wakubwa. Kinachosimuliwa mara chache ni yaliyofuata. Karura iliokolewa na Maathai, lakini watu wa kawaida waliendelea kuiogopa kwa sababu ya majambazi. Ilipata wageni pale tu jamii ya wakazi, Friends of Karura Forest, ilipoungana na idara ya misitu chini ya Sheria ya Misitu ya 2005, uzio ukazungushwa, walinzi wakaajiriwa, njia zikasafishwa na getini pakatozwa ada. Na Agosti 2025, serikali ilipoagiza ada hizo zote zilipwe kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, mvutano ulifika mahakamani. Watu walielewa kwamba fedha ya getini ikiondoka msituni, ufagio nao utaondoka.

Hapo ndipo penye kidonda cha miji ya Uganda. Fedha nyingi za serikali za mitaa hutoka Kampala zikiwa zimeshaandikiwa kazi: mishahara ya walimu, dawa, barabara. Mapato ya mji wenyewe ni madogo, na mtunza bustani hushindania hayo madogo. Wafadhili wanapenda kujenga. USMID, mradi wa miundombinu ya miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulianza mwaka 2013 katika manispaa 14, Arua ikiwamo. Uliacha lami, mitaro, njia za waenda kwa miguu na taa za sola, na anayekumbuka vumbi la zamani hawezi kuubeza. Taa zile zimeongeza saa za mji: mama anaweza kutembea saa mbili usiku. Lakini betri ya taa ya sola ina umri wake, na mche wa kando ya barabara una kiu yake, na hivyo viwili havina mfadhili.

Tuiangalie hiyo kiu, kwa sababu hapo ndipo bustani za West Nile hufa. Mvua huanza kushika Aprili, hukolea kuanzia Agosti, na kufikia Desemba imekatika. Miezi mitatu inayofuata upepo mkavu unavuma, nyasi zinachomwa, na mbuzi waliokuwa wamefungwa wakati wa mazao huachiwa wajitafutie. Mche uliopandwa Aprili kwa shangwe, meya akiwa na koleo na wapiga picha wakiwa wamejipanga, una miezi minane ya kukomaa kabla ya mtihani huo. Uliopandwa Oktoba, kwa sababu fedha zilichelewa, hauna nafasi. Kwa hiyo swali la kumuuliza anayejigamba kwa idadi ya miti aliyopanda ni moja: Machi ilipoisha, mingapi ilikuwa hai? Anayejibu bila kusita anastahili kazi. Uchaguzi wa mti nao una uzito. Mkalitusi hukua haraka na humfurahisha mwenye kuuza nguzo, lakini haufai kando ya kijito. Mwarobaini na mjohoro huvumilia ukame. Mvule na mkangazi ni ya kumwachia mjukuu. Mwembe hulinda nafsi yake, maana hakuna mtoto atakayekubali ukatwe.

Ratiba ya shule inaleta nafasi ambayo sioni ikitumiwa. Likizo ndefu ya wanafunzi wa Uganda huanguka Desemba na Januari, wakati uleule miche inapohitaji maji. Programu ya likizo inayowapa watoto mpira asubuhi, ndoo ya maji jioni na uji katikati ingegharimu mshahara wa walezi wachache. Ingewaondoa vijana kwenye vituo vya boda na vibanda vya kamari, na ingeiwezesha miche ya jiji kuvuka Januari. Sijui mpango wa burudani ulio na faida zaidi kwa shilingi.

Burudani yenyewe huku imebebwa na mpira. Onduparaka FC ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2016, kiwanja cha Green Light kiligeuka mahali ambapo Mlugbara, Mkakwa, Mnubi na mfanyabiashara wa Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Congo, wote walipiga kelele upande mmoja. Hakuna kampeni ya amani iliyowahi kufanya hivyo kwa bei ya tiketi. Timu ilishuka daraja mwaka 2023; mapenzi hayakushuka. Ila kiwanja cha mpira ni cha wavulana ishirini na wawili, wengine wote ni watazamaji. Mratibu wa burudani anapaswa kuhesabu ambao hawapo: wasichana wasio na uwanja wa netiboli wenye uzio, wazee wasio na benchi, mama mwenye mtoto mgongoni anayetafuta choo. Choo ndicho kipimo. Bustani isiyo na choo safi ni bustani ya wanaume.

Koboko ina ugumu wake wa pekee. Ipo karibu na Salia Musala, mahali Uganda, Congo na Sudan Kusini zinapokutana, na Wakakwa wako pande zote tatu. Wakimbizi wa Congo walipewa makazi Lobule tangu 2013, na wakimbizi wengi wa Sudan Kusini wanaishi mjini wakipanga vyumba huku majina yao yakiwa yameandikwa makazi mengine. Mgao wa fedha wa serikali hufuata idadi ya raia, lakini mtoto anayekanyaga nyasi haulizwi kitambulisho. Kiwanja kilichopimiwa watu wa daftari hutumiwa na wengi zaidi, nyasi zinaisha, malalamiko yanaanza, na kosa linatupwa kwa mgeni badala ya hesabu. Meneja wa viwanja wa Koboko anapaswa kuhesabu miguu, kwa macho yake, Jumamosi saa kumi, na kupeleka takwimu hiyo kwa wafadhili na Wizara. Na ratiba aiandike kwa zamu zinazowachanganya watoto wa Kikakwa, wa Congo na wa Juba ndani ya timu moja. Timu zikigawanywa kwa utaifa, mpira huwa vita ndogo.

Imebaki elimu ya mazingira, na hapa West Nile ina hadithi ambayo mji wowote duniani ungeililia. Januari 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ameacha urais wa Marekani mwaka uliotangulia, alipiga kambi ukingo wa magharibi wa Nile, eneo lililoitwa Lado. Yeye na mwanawe Kermit waliua vifaru weupe tisa, watano wa baba na wanne wa mwana. Jina la Rhino Camp linakumbusha wanyama hao. Katika miaka ya sitini wachache walihamishiwa hifadhi ya Murchison, wengine wakalindwa katika ile ya Ajai. Vita na bunduki za baada ya 1979 vikawamaliza Uganda yote. Kifaru mweupe wa kaskazini wa mwisho wa kiume, Sudan, alikufa Ol Pejeta, Kenya, tarehe 19 Machi 2018. Wamebaki majike wawili, Najin na Fatu. Mtoto wa Arua anayepita njia ya Rhino Camp anastahili kuelezwa hayo na mtu aliyelipwa kumweleza.

Entebbe inafanya kazi hiyo tangu 1952, ilipoanzisha kituo cha wanyama yatima ambacho baadaye kikawa shule ya wanyamapori ya nchi nzima. Arua haihitaji simba. Inahitaji Enyau, mto unaowapa wakazi maji ya bomba na ambao kingo zake zinalimwa na kufyatuliwa matofali. Kanuni za kingo za mito za mwaka 2000 zinalinda mita 100 kutoka ukingoni kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa na mita 30 kwa mingine. Hata tukichukua kipimo kidogo, ukanda wa mita 30 pande zote mbili ni bustani ndefu ambayo tayari ni marufuku kujengwa, na njia ya miguu haiharibu kitu. Banda la kufundishia lisimame nje ya ukanda huo, walimu waazimwe Chuo Kikuu cha Muni, miche itoke kituo cha utafiti cha Abi. Na madiwani wenye kusoma ukurasa huu: kabla ya kupitisha fedha za tofali la kwanza, andikeni kwenye bajeti mishahara ya walinzi wawili na mtunza miche mmoja, ya miaka mitano.