Sarafu za Matangazo: Somo la Lugha kutoka Marekani

Sarafu za matangazo ni vipande vidogo vya madini, aghalabu shaba, vilivyotolewa na wenye maduka wa Marekani katika karne ya 19. Kwa umbo zilifanana na senti ya serikali, ila zilibeba jina la duka, mtaa na bidhaa. Wakusanyaji huzitafuta hadi leo, nasi walimu wa lugha tuna la kujifunza kwazo.

Zilishamiri katika vipindi viwili. Cha kwanza ni miaka ya 1830 hadi mwanzoni mwa 1840, hasa baada ya Mei 1837, benki zilipokataa kubadilisha noti kwa dhahabu na fedha. Cha pili ni wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, 1861–1865. Watu walificha sarafu zao, chenji ikaadimika, wafanyabiashara wakajitengenezea zao.

Je, dhamana yake ilikuwa nini? Ni neno la mwenye duka tu. Gustavus Lindenmueller, mwenye baa jijini New York, alitoa zaidi ya sarafu milioni moja mwaka 1863. Kampuni ya usafiri ya Third Avenue Railroad, iliyokuwa imezipokea kama nauli, ilimtaka azikomboe, naye akakataa. Hapakuwa na sheria ya kumshurutisha. Mwaka 1864 Bunge lilipiga marufuku sarafu za watu binafsi.

Kwa upande wa lugha, baadhi ya sarafu hizo ziliandikwa kwa Kiingereza maneno yenye maana ya "si senti moja". "Senti moja" iliandikwa kwa herufi kubwa katikati; kikanushi kikawa kidogo mno juu yake. Mwenye haraka aliona senti, ilhali mtoaji alikuwa na pa kujitetea. Hivyo basi, ukubwa wa herufi nao hubeba maana.

Anayeanza kukusanya huchagua mji mmoja au kazi moja, kama vile vinyozi au wauza dawa. Kwa kipindi cha kwanza, orodha ya Lyman Low ya mwaka 1899 ni ya msingi. Kwa kile cha vita hutumika orodha ya George na Melvin Fuld, iliyopangwa kwa jimbo, mji na mfanyabiashara. Sarafu haisuguliwi, kwani ikisuguliwa hupoteza thamani.

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi duara lenye upana wa senti, kisha awaagize watunge tangazo la fundi cherehani: jina, kazi na mahali. Watagundua upesi ni neno lipi halina budi kubaki.