Kitabu chetu kipitie njia gani?



Daftari tatu zinapita nyumba kwa nyumba, toka Kikula mpaka Panda. Ndani yake wamama wazee wameandika, au wameandikisha wajukuu wao, namna walivyoishi katika kambi za Union Minière: posho, uzazi, taabu ya bibi arusi aliyetoka mbali. Mmoja wao tulimzika mbele ya Pasaka. Kwa hiyo jambo la kuchapa haliwezi kungoja.

Wengi wetu huwaza Ulaya kwanza. V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa hapa Likasi mwaka 1941, wakati mji ukiitwa Jadotville, alitoa riwaya yake Entre les eaux kwa Présence Africaine huko Paris mwaka 1973. Mchapishaji wa kweli anachagua kitabu mwenyewe na kubeba gharama mwenyewe. Lakini huko wanataka Kifaransa, na daftari zetu ni za Kiswahili. Tena, kitabu cha bei ya Paris, nani wa Kikula atakinunua?

Njia ya pili ni mpiga chapa: unalipa, anachapa, kuuza ni juu yako. Si vibaya. Ila sisi tulikanyaga mwiba. Mwaka jana mtu alitujia akijiita mchapishaji, akaomba avansi, tukamtolea pesa ya likelemba. Hatukuona hata ukurasa mmoja. (Ndiyo, sisi walimu tulikuwa wa kwanza kumwamini.) Anayeomba pesa mbele ni mpiga chapa, hata ajiite nani. Basi aandike kwenye karatasi hesabu ya vitabu, bei na tarehe, na nusu ya pesa ingoje mpaka tuone kazi.

Njia ya tatu ilifanyika karibu nasi, Lubumbashi, wakati ikiitwa bado Elisabethville. Mwaka 1965 watu waliotumika zamani katika nyumba za wazungu, wale walioitwa maboyi, walitoa historia ya mji wao kwa Kiswahili chao. André Yav ndiye aliyeipanga. Iliandikwa kwa mashini, ikatolewa nakala, basi. Hawakumngoja mchapishaji yeyote. Mwaka 1990 mwanachuoni Johannes Fabian aliitoa kama kitabu huko Amsterdam, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kama nakala zile zisingekuwako, angechapa nini?

Sisi tunaipendelea hiyo. Nakala 50 za fotokopi, zimeshonwa kwa mkono, kila kikundi kipate yake na shule ibakize mbili. Tukipata pesa baadaye, twende kwa mpiga chapa na maandiko yaliyokwisha kusahihishwa. Kiswahili cha wamama tusikigeuze cha shule. Tusahihishe majina na miaka tu.

Jumamosi saa nane tutapiga hesabu ya karatasi. Anayejua kuandika kwa kompyuta aje. Na daftari ya tatu, iliyo kwa mama mmoja wa Shituru, tafadhali irudi, hata kama haijajaa.