Kuchonga, Kushona na Kuunda: Msamiati wa Vyombo vya Mbao kutoka Pwani hadi Ziwa Tshangalele

1.0 Utangulizi

Historia ya vyombo vya mbao katika Afrika ya Mashariki ina ugumu wake. Mbao huoza, kamba hukatika, na mafundi wa zamani waliunda vyombo bila ya kuchora ramani. Kipimo chao kilikuwa jicho na mkono. Lakini palipokosekana mabaki, lugha imebaki. Makala haya yanaeleza jinsi vitenzi vitatu vya Kiswahili, yaani kuchonga, kushona na kuunda, vinavyohifadhi hatua tatu za ufundi huo. Kisha yanatumia mfano wa Ziwa Tshangalele, karibu na Likasi katika Katanga, kuonyesha hasara inayoweza kutokea endapo msamiati wa pwani utafanywa kuwa kipimo pekee cha usahihi.

2.0 Vitenzi vitatu na ufundi wake

Mtumbwi huchongwa. Fundi huchagua gogo moja, akalichimba ndani kwa tezo na kulisawazisha nje, hata likawa chombo. Hapa kazi ni ya kupunguza: umbo hupatikana kwa kuondoa mbao zisizohitajika, na ukubwa wa chombo hauwezi kupita ukubwa wa mti.

Mtepe ulishonwa. Chombo hiki cha visiwa vya Lamu na vya Wabajuni kilitengenezwa kwa mbao zilizotobolewa kwa keekee, zikaunganishwa kwa vijiti na kushonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Ganda la mbao lilitangulia, na mataruma yakafungwa ndani baadaye. Tanga lake lilikuwa la pembe nne, lililosukwa kwa miaa. Ushonaji ulikipa chombo unyumbukaji, kikaweza kukwama mchangani bila ya kupasuka. Ufundi huu ni wa kale mno. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza B.K., Periplo ya Bahari ya Eritrea, kinaitaja bandari ya Rhapta na kueleza kwamba jina hilo limetokana na vyombo vilivyoshonwa. Hata hivyo, mtepe ulitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Jahazi huundwa. Mkuku hulazwa kwanza, zikafuata nguzo za omo na tezi, kisha mbao na mataruma hukazwa kwa misumari. Nafasi baina ya mbao huzibwa kwa pamba, kazi iitwayo kutia kalafati. Sehemu ya chini hupakwa deheni, yaani mchanganyiko wa shahamu na chokaa, na sehemu ya juu hupakwa sifa, mafuta ya papa. Tofauti na kuchonga, kuunda ni kukusanya vipande vingi vikawa kitu kimoja. Kamusi ya Madan ya mwaka 1903 ilikihusisha kitenzi hiki hasa na kazi ya useremala na vyombo vya baharini. Hivi leo wataalamu husema kuunda istilahi, muundo wa sentensi na uundaji wa maneno, bila ya kukumbuka kwamba wanazungumza kwa ulimi wa fundi wa majahazi.

3.0 Safari ya kwenda bara

Ufundi wa kuunda ulifuata njia za biashara. Mwezi wa Machi 1858, John Speke alivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi hadi kisiwa cha Kasenge, karibu na ufuko wa magharibi, akitaka kukodi chombo cha tanga cha mfanyabiashara Sheikh Hamed bin Sulayyim. Hakufanikiwa kukipata, lakini safari yake inathibitisha kwamba vyombo vya namna ya pwani vilikuwa vimefika katika maji ya bara.

Katanga, lugha ilifika bila ya bahari. Kiswahili kilitumiwa na wafanyabiashara waliofika Bunkeya kwa mtawala Msiri, aliyeuawa mwaka 1891. Kisha kikaenea zaidi katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906. Wasemaji wake wengi hawakuwa na haja ya maneno kama foromali, demani au mkuku.

4.0 Neno bwato na umri wake

Ziwa Tshangalele si la asili. Lilitokea baada ya Mto Lufira kuzuiwa kwa bwawa la Mwadingusha, ambalo kituo chake cha umeme kilianza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vya shaba. Mbuga ikageuka ziwa lisilo na kina kikubwa, na wavuvi wakaja na mitumbwi yao.

Katika Kiswahili cha Katanga, mtumbwi huitwa bwato, na wingi wake ni mato. Msomaji aliyezoea kamusi za pwani huweza kudhani kwamba neno hili ni kosa, au ni mchanganyiko wa lugha usiofaa darasani. Ushahidi wa isimu linganishi unapinga dhana hiyo. Kibemba kina ubwato, Kiluba kina bwato, Kinyarwanda kina ubwato, na Kiganda kina eryato. Shina -ato ni la Mame-Bantu. Kwa upande mwingine, jahazi, nahodha na usukani, ambayo hakuna mwalimu anayeyatilia shaka, yameingia kutoka Kiarabu na Kiajemi. Kwa hiyo ziwa ni changa, lakini jina la chombo kinachopita juu yake ni miongoni mwa maneno ya kale kabisa ya Kibantu.

5.0 Hitimisho

Ufundi ukifa, maneno yake hubaki kwa muda, kisha nayo hufa. Kwa mtepe, watafiti waliwahi kuandika sehemu tu ya msamiati wake kabla ya mafundi kwisha. Kwa vyombo vya maziwa ya bara, muda ungalipo. Mwalimu wa Likasi anayefuta neno bwato katika insha ya mwanafunzi na kuandika mtumbwi hasahihishi lugha tu. Anafuta pia ukurasa wa historia ya uchongaji ambao haukuandikwa mahali pengine. Kiswahili sanifu kina nafasi ya maneno yote mawili, nalo jukumu la kamusi ni kuyaweka bega kwa bega, kila moja na asili yake.